Laptop ya Kilo Nne na Mtoto Mgongoni

Mpendwa mshauri, Mama Theodora, shikamoo. Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unisamehe kwa kuchelewa, maana barua hii nimeiandika kichwani tangu Januari, kila asubuhi nikishuka mlima nasema leo nikifika nitaandika, nikifika nimechoka, nikirudi mtoto analia, na sasa mwezi wa tatu unakwisha na nimeandika kwa sababu nimeanguka. Mimi sijaumia sana na mtoto hajaumia kabisa, Mungu ashukuriwe, lakini nimeogopa, na unisamehe pia mwandiko, naandika kwa kalamu kwenye daftari huku nimempakata, ingawa ndani ya nyumba hii kuna laptop ambayo sidhani kama ipo kubwa kuliko hiyo Marangu nzima.

Nina miaka ishirini na tano, mtoto wangu ni mmoja, Elisifa, ana miezi kumi, na mume wangu Godlove ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro, akipata safari anakaa huko juu siku sita, akishuka analala siku mbili. Nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, nikaolewa, halafu mwaka jana nikajipa moyo nikaomba chuo, cheti cha ualimu wa awali, Moshi mjini, nikapata. Tunaishi kwa mama mkwe, kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami ni nusu saa kwa miguu kukiwa kukavu, kukinyesha sitaki hata kusema. Nikifika lami napanda gari la Moshi, namwacha Elisifa kwa mama mmoja anayelea watoto nyuma ya chuo, mchana naenda kumnyonyesha, jioni narudi naye. Utaniuliza kwa nini nisimwache kwa bibi yake, nami nitakujibu kwamba chupa hataki, kikombe hataki, kijiko anakitema, na bibi yake alfajiri ameshatoka kukata majani ya ng'ombe.

Sasa laptop. Elisifa alibatizwa Krismasi, wakati ndugu wote wamepanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu, na baada ya ibada tukala pale uani. Baba mdogo Eliakim, mdogo wake marehemu baba mkwe, anayeuza vifaa vya ujenzi Arusha, akasimama kabla mchungaji hajamaliza hata mtori wake wa ndizi.

"Mkwe wetu anasoma," akasema. "Wengine wakiolewa wanafunga daftari. Huyu hafungi! Sasa ukoo huu hautampa kanga, utampa mashine."

Vigelegele. Akafungua boksi, akaitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa jiwe la kusagia. Sauti ya nyuma ikauliza, "Hiyo ni laptop au meza?" watu wakacheka, na baba mdogo akajibu, "Inchi kumi na saba! Mimi sinunui vitu vya kubana macho." Alikuwa ameinunua kwa mteja wake anayechora ramani za majengo. Mchungaji akaweka mkono juu yake akaiombea, na mimi nikalia kwa furaha, usinicheke mama, nililia kweli, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema habari ya kusoma kwangu.

Januari nikaanza kuibeba. Mtoto mgongoni kwa kanga, laptop kifuani, madaftari na nepi mkononi, na siku ya tatu mabega yakawa kama ya kuazima. Nikaingia dukani kwa jirani nikaiweka kwenye mizani ya maharage, na chaja yake, ambayo ni kama tofali dogo. Kilo nne na robo. Mwenye duka akaniuliza, "Mama Elisifa, unaiuza?" Nikamwambia napima tu. Akasema, "Basi kama huiuzi iondoe, watu wanangoja sukari."

Na betri yake ni nusu saa, mama. Nusu saa inazima. Huku kwetu mvua ikianza umeme unakatika, kwa hiyo nyumbani siwezi kuitegemea, chuoni hakuna kabati la kufunga kwa hiyo siwezi kuiacha, basi inapanda na kushuka na mimi kama mtoto wa pili.

Nikamwambia Godlove. Alikuwa anaosha viatu vyake vya mlimani, hata hakuinua kichwa. "Kilo nne? Mimi nabeba kilo ishirini mpaka kambi ya Horombo, halafu kesho yake naendelea, na huko juu hakuna hewa. Wewe unashuka mteremko unalalamika kilo nne?"

"Na mtoto," nikasema.

"Mtoto si mzigo."

Mama mkwe akasikia kutoka jikoni, naye akatia lake. "Sisi tulibeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare, kichwani, tukapanda nayo mpaka hapa, na huyo Godlove alikuwa tumboni. Hatukuomba majani mepesi."

Nikaanza kuiacha nyumbani kwa siri, naifunika kwa blanketi kama kuku anayeatamia, na kazi zangu nikawa napeleka steshenari wanichapie, nalipa kwa ukurasa, wanachapa nusu, wanaruka mistari, nikirudi kulalamika wananiambia mwandiko wangu ndio mbaya.

Februari baba mdogo akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Haya, mashine inasemaje?" Nikasema, "Inanisaidia sana baba mdogo." Akasema nitumie picha. Nikamkalisha Elisifa mbele ya laptop, nikaiwasha, nikapiga picha upesi kabla haijazima, nikatuma. Akaiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu sitini, wakaandika amina, amina, na shangazi wa Mwanza akaandika hongera mwalimu wetu mtarajiwa. Siku hiyo nilikuwa nimetimiza wiki mbili sijaigusa.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku moja niliiweka ukingoni mwa meza, waya wa chaja unaning'inia, nikamshusha Elisifa, ambaye sasa anajivuta kwa kila anachokiona, nikaenda jikoni kukoroga uji. Nilijua ninachofanya. Nilitaka ianguke ivunjike ili pasiwe na wa kulaumiwa, maana nani atamlaumu mtoto wa miezi tisa? Nikasimama nakoroga, nasubiri kishindo. Kimya. Nikarudi nikamkuta anabembea kwenye waya anacheka, na laptop haijasogea hata unene wa kidole. Ndipo ikaniingia kwamba ingeanguka ingemwangukia yeye. Nikaketi chini pale pale nikatetemeka mpaka uji ukaungua.

Sasa mwalimu wa chuo alitutaka Jumanne iliyopita kila mmoja aje na laptop yake, tuonyeshe tulipofikia na faili la mafunzo kwa vitendo. Faili hilo ni maandalio ya masomo yote tuliyofundisha na ripoti, vyote vimechapwa, na lazima lifike wiki ya kwanza baada ya Pasaka. Asiyelileta anarudia mwaka, na mimi kurudia mwaka ni kuacha, Godlove alishasema ada ya mwaka mmoja italipwa mara moja. Basi nikaibeba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni utelezi mtupu, na pale kwenye kona ya mfereji mguu ukanitoka. Mtu akianguka anachagua upande, mama, nyuma kuna mtoto, mbele kuna laptop, mimi sikuwa na upande. Niliangukia magoti, yakachubuka yote mawili. Na nikuambie linaloninyima raha hata leo: kitu cha kwanza kukishika kuangalia kama ni kizima kilikuwa laptop. Sekunde moja tu, kisha nikapeleka mkono nyuma nikasikia Elisifa anapumua. Lakini hiyo sekunde niliiona.

Nikaenda mjini natembea kama mzee, nikampelekea fundi mmoja anaitwa Hosea. Akaigeuza huku na huku akasema, "Dada, hii ni ya watu wakubwa. Niachie hii, chukua hii." Akatoa ndogo ya rangi ya fedha, mpya kwenye boksi, inchi kumi na moja, nyepesi kama sahani ya bati. "Mkono kwa mkono, huongezi kitu. Ina nne na sitini na nne." Nikauliza nne ya nini. Akasema, "Ya kukutosha wewe." Ananisubiri mpaka wiki ijayo. Mwenzangu wa chuo, Brenda, ananisukuma nikubali: "Shoga, begi lile kubwa unabaki nalo, hiyo ndogo unaitia humo humo, nani ukweni atafungua zipu?"

Lakini baba mdogo anakuja Pasaka, na huyo zipu atafungua.

Mimi wazo langu lilikuwa isale. Nawe unajua, kwetu mtu aliyekosa akikujia na jani la isale huwezi kumfukuza, lazima umsikilize na umsamehe. Nikaona huo ndio mlango, nimpe isale mbele ya watu wote siku ya Pasaka, niseme nataka ndogo, atakataaje? Jioni nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani moja zuri, nikageuka, mama mkwe huyu hapa na mzigo wake wa majani.

"Umeua nani?"

"Hakuna, mama."

"Umempiga Godlove?"

"Godlove yuko mlimani, mama."

"Basi lirudishe ulipolitoa."

"Nimeshalikata."

Akaliangalia, akaniangalia. "Isale si majani ya ng'ombe, binti yangu," akasema, akaenda zake. Tangu siku hiyo haniulizi kitu. Jani nimelichomeka kwenye kopo la maji dirishani, kila akipita analitazama.

Mama, nimechoka. Nikikubali ya Hosea nitakuwa nimeuza zawadi iliyoombewa na mchungaji, nikikataa nitaendelea kuanguka, nikisema ukweli nimemdanganya mzee mbele ya watu sitini. Na kila mtu ananiambia laptop nzuri ni ipi, mwingine ya kioo kikubwa, mwingine ya kugusa kwa kidole, mwingine ati ninunue tableti, hakuna hata mmoja anayeniuliza ninaibebaje. Kuna wakati naona niache tu hicho chuo, nilime migomba, nilale. Nishauri nifanye nini.

Mama Elisifa,
Marangu

*

Mama Elisifa, marahaba, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika, kwa hiyo kaa vizuri upokee vyote.

Nianze na hasira niimalize. Mtoto wa miezi tisa, chini ya meza, kitu cha kilo tatu na nusu juu ya kichwa chake, waya unaning'inia, na mama yuko jikoni anasubiri kishindo? Ulishatetemeka mwenyewe, sitakutetemesha tena. Lakini leo hii, kabla hujapika, hiyo laptop ishuke sakafuni, iegemee ukuta, waya ukunjwe. Hiyo siyo ya kusubiri Pasaka.

Ile sekunde moja ya Jumanne nakuondolea. Tangu Krismasi umeambiwa kwamba ile mashine ni ya ukoo, ukajiona wewe ndiye mlinzi wake, na mlinzi akianguka mkono huenda kwenye alichokabidhiwa. Basi jua kwamba hata Elisifa ni wa ukoo. Siku hiyo aliyebatizwa ni yeye, laptop ilikuja kama nyongeza ya sherehe yake.

Habari ya kuacha chuo usiirudie kwenye barua yoyote utakayoniandikia. Mtu anayeamka alfajiri, akashuka mlima na mtoto, akasoma, akanyonyesha mchana, akapanda tena jioni, huyo hajashindwa na chuo. Ameshindwa na begi, na begi linabadilishwa.

Sasa mumeo. Godlove ni mpagazi, na kazi yake naiheshimu. Muulize kwa upole: huko getini, kabla hajapanda, mzigo wake haupimwi? Unapimwa. Ukizidi, si unapunguzwa akapewa mwingine? Na analipwa, na anatangulia bila mtoto mgongoni. Wewe mizani yako ilikuwa ya maharage, na mwenye duka akakufukuza. Akishashuka mlimani na kulala usingizi wake, mfungie Elisifa mgongoni mwake kwa kanga, mvalishe lile begi kifuani, mpe madaftari na nepi mkononi, umwambie ashuke mpaka lami na kurudi. Kukiwa na utelezi, vizuri zaidi. Wewe tembea nyuma yake mkono mtupu, na usiseme neno. Akirudi hapo uani ndipo mzungumze. Kwa mama mkwe usihangaike kujibishana. Mwenzako alibeba majani kichwani na mimba tumboni na hakuna aliyempa pole mpaka leo, ndiyo maana anakurushia wewe. Mpe pole hiyo. Utashangaa.

Hosea mwambie hapana, na umwambie kesho. Hiyo nne aliyokataa kukueleza ni RAM, nguvu ya mashine kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na nne siku hizi ni sawa na kumtuma mtoto mmoja kisimani na ndoo mbili. Hiyo sitini na nne ni nafasi ya kuhifadhi, na nyingi za aina hiyo huwezi kuiongeza, imegandishwa humo humo. Ikishajipakia mambo yake yenyewe, faili lako litakosa pa kulala. Hiyo yako ya mchora ramani ni nzito lakini ina nguvu, wapo watu Arusha wanaitafuta, na ikiuzwa kwa wanaoijua itanunua ndogo nzuri na chenji itabaki. Fundi anayesema mkono kwa mkono bila kuongezewa kitu ameshajiongezea mwenyewe. Na ushauri wa Brenda wa kuficha ndogo kwenye begi la kubwa, mrudishie kwa heshima.

Umesema hakuna aliyekuuliza unaibebaje. Mimi ndilo ninaloanza nalo. Laptop yako isizidi kilo moja na nusu pamoja na chaja, na hapo kioo kitakuwa cha inchi kumi na mbili au kumi na tatu, kinatosha kabisa kwa maandalio ya masomo. Mpya usitafute. Tafuta zile nyeusi za maofisini, zilizotumika miaka mitatu minne zikaletwa huku. Zimetengenezwa kwa watu wanaosafiri nazo, gamba lake ni gumu, na fundi yeyote anazifungua. RAM nane, diski ya aina ya SSD, ile ya kasi isiyoharibika ovyo ikitikiswa, na chaja iwe na mdomo kama ule wa simu za siku hizi, maana hapo umeme ukikatika hata pawabenki nzuri inaweza kukuvusha. Tableti itakushinda, kuchapa ripoti ndefu juu yake na mtoto anavuta ni mateso, na cha kugusa kwa kidole unalipia usichokihitaji.

Na dukani usiogope uso wa muuzaji. Mwambie achomoe waya, kisha wewe kaa hapo hapo kwenye benchi, umnyonyeshe mtoto saa nzima huku laptop inacheza video. Betri ikitoka mia ikaangukia chini ya sabini na tano, nyanyuka uende zako. Ikibaki juu, endelea: bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, ifungue na kuifunga usikie bawaba, izime uiwashe mwenyewe uone kama haidai nenosiri la ofisi ya watu. Udhamini wa mdomo usiupokee. Uandikwe kwenye risiti.

Hayo ni ya baadaye. Faili lako ni la sasa, na hiyo kubwa inaweza kukusaidia ikikaa mahali pamoja. Huyo mama anayekulelea mtoto nyuma ya chuo ana umeme? Ana chumba kinachofungwa? Muombe. Godlove aibebe mara moja tu, aifikishe pale, ikae mezani kwake mbali na watoto, imechomekwa muda wote. Kila mchana ukienda kunyonyesha unachapa saa moja. Mambo mengine andika kwenye simu ukiwa garini, jioni yote yatume kwenye barua pepe yako mwenyewe ili hata mashine ikifa kazi isife. Ukianza Jumatatu, Pasaka itakukuta umemaliza. Steshenari usirudi tena isipokuwa kutoa nakala.

Tumebaki na isale, na hapa ndipo nilipokasirika zaidi.

Mama mkwe wako alikuambia neno kubwa na hukulisikia. Isale anapelekewa mtu uliyemkosea, ili akusamehe. Wewe ulitaka kumpelekea mzee mbele ya umati ili asiweze kukataa kukununulia kitu. Huko ni kumfunga mtu kamba kwa jani la amani. Lakini jani umeshalikata na kosa unalo. Ulimwambia inanisaidia sana, ukampa picha, akajivuna nayo mbele ya ukoo wake. Kwa hiyo litumie, ila litumie kwa uongo ule peke yake. Pasaka akifika, kabla ya chakula, kabla watu hawajajaa, nenda na Godlove na mama mkwe. Godlove asiseme lolote, wewe ndiye uliyedanganya, wewe ndiye utakayelishika. Sema: baba mdogo, nilikudanganya kuhusu mashine, niliona aibu kwa sababu ulinipa heshima ambayo sijawahi kupewa. Kisha nyamaza. Usitaje kilo, usitaje betri, usimwonyeshe magoti. Akitaka kukaripia, akaripie. Yeye naye atakuwa na aibu yake, alinunua kwa kufuata macho yake ya dukani bila kukuuliza neno, na mzee mwenye akili huliona hilo bila kuonyeshwa.

Kama kuna atakayesema iliombewa kwa hiyo haibadilishwi, muulize mchungaji wako, na sidhani kama atajibu tofauti na mimi: aliomba usome. Kinachokuzuia kusoma hakina baraka ya kukilinda.

Akishasamehe, kesho yake, akiwa ametulia anakunywa chai, mwambie sasa ukweli wa mzigo. Mwombe yeye mwenyewe airudishe Arusha na kuibadilisha, kwa sababu zawadi ni yake na wateja wanaoitaka ni wa kwake. Hapo kutakuwa na kitu kimoja cha kukuharibia, nacho ni unyenyekevu wako. Atakuuliza, "Haya mkwe, nikutumie ipi?" na wewe utajikunja useme yoyote tu baba mdogo, naye atakuletea ya inchi kumi na tano, ya dhahabu, yenye taa. Usithubutu. Andika karatasi leo, kwa mwandiko wako huo huo, uiweke ndani ya Biblia yako, na akiuliza umpe mkononi. Ianze na shikamoo, kisha iseme hivi:

Laptop iliyotumika ofisini, mpya siihitaji. Kioo inchi kumi na mbili au kumi na tatu. Uzito usiozidi kilo moja na nusu, ipimwe na chaja yake. RAM nane. Diski ya SSD, mia mbili hamsini na sita. Betri inayofika saa nne bila umeme. Chaja ndogo yenye mdomo kama wa simu. Risiti yenye udhamini wa miezi mitatu. Na begi lisilopitisha maji, lenye mikanda ya kuvaliwa kifuani, kwa sababu mgongoni yupo Elisifa.

Mama Theodora